Vita Nilivyovichora kwa Chaki

Raya mwanangu,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikutangulie huko uendako, na ikukute hapo ulipo unapoisoma barua hii. Kwa ninavyokujua, hutaigusa mpaka boti iiache Mkoani na abiria wenzako waanze kuomba mifuko ya kutapikia. Nimeitia kwenye mfuko wa ndani wa begi lako, pamoja na vyeti, ili uikute ukiwa mbali na mimi.

Naandika baada ya Alasiri. Nimekaa ukumbini na mlango wa chumba chako uko wazi, nakusikia wewe na mama yako mnabishana juu ya pweza mkavu. Yeye anataka uende na wawili, wewe unasema utanuka kwenye basi mpaka Kigoma. Mambo ya chandarua, maji ya kuchemsha na kutofungua mlango ovyo ameshakwambia yeye mara nne tangu asubuhi, mimi siyagusi. Kaka yako Hamad alipoondoka nilimpa mawaidha saa nzima, nimesimama kama niko mbele ya darasa la tatu B, na katika yote niliyomwambia siku ile sikumbuki hata moja lililomfaa.

Unakwenda kuuguza watu wanaovuka ziwa wakikimbia vita vya Kongo. Mkataba wako nimeusoma, usinikasirikie. Juu umeandikwa kwamba kituo chako kiko upande wetu, Kigoma. Chini, kwa herufi ndogo kama za kwenye boksi la dawa, umeandikwa kwamba utavuka ng'ambo "itakapohitajika". Neno hilo limekaa kifuani mwangu wiki ya tatu sasa. Ng'ambo ya ziwa ndiko alikokufa kaka yako mwaka jana, nawe unajua, na unakwenda hivyo hivyo. Naogopa, Raya. Nimeona nikwambie wazi, maana nikikaa kimya utadhani nimenuna.

Nianze na kosa dogo. Kile kitambulisho ulichokitafuta Jumatatu, ukapindua godoro, ukaenda mpaka kwa sheha kuomba barua ya upotevu, nilikuwa nacho mimi. Nilikificha ndani ya gunia la makonyo kule stoo, katikati ya vile vijiti vya karafuu, mahali ambapo hata panya hapataki. Nilijiambia kwamba ukichelewa tarehe yao watamchukua mwengine, utanuna mwezi mmoja, kisha utapata kazi hospitali ya Chake Chake na kila Ijumaa utakuja kula nyumbani. Siku ya tatu nikakukuta umekaa kwenye ngazi za uani, chai imepoa mbele yako. Ukaniambia, "Baba, labda Mwenyezi Mungu hataki niende." Hapo nikaona nimefika pabaya, namsingizia Mungu kazi yangu mwenyewe. Nikakitoa, nikakipangusa, nikakwambia nimekiokota nyuma ya friji. Ukanibusu mkono, nami nikajifanya nina haraka ya kwenda msikitini.

Hilo ndilo dogo. La pili ni kubwa, na ili ulielewe lazima nikurudishe nyuma kidogo, uvumilie.

Nilikuwa na miaka kumi na minne nchi yetu ilipopigana na Uganda. Babu yako Mzee Hamad, ambaye kaka yako alirithi jina lake, alikuwa na redio, na jioni wanaume wa mtaa walikuwa wanakuja kusikiliza taarifa. Majina ya miji yalikuwa yanatajwa na hakuna aliyejua iliko. Mimi nilikuwa na atlasi ya skuli. Siku moja nikanyanyua kidole nikasema mji ule uko hapa, na kutoka hapa mpaka Kampala pamebaki hivi. Watu waliokuwa hawaniiti ila kunituma maji wakanisogezea kigoda. Tangu siku hiyo ikawa, "Haya, mwite yule wa Mzee Hamad atuonyeshe, leo vijana wamefika wapi?" Nilikuwa nikioga mapema ili niwe tayari. Vita vilipokwisha watu walishangilia, na mimi nilishangilia nao, lakini moyoni, astaghfirullah, nilihuzunika kwamba hakuna tena atakayeniita. Nimesomesha jiografia miaka thelathini na mitano, na nadhani sababu ni kigoda kile.

Basi nilipostaafu, nikawa mtu wa kuamka asubuhi sina pa kwenda, vita vya Kongo vikapamba moto. Hamad alikuwa kule mwaka wa tatu, na duka lake la vitenge katika ule mji wa ziwani. Nikawa na sababu ya kufuatilia, na sababu ilikuwa ya kweli, usidhani najidharau kwa yote. Mzazi ana mtoto kwenye nchi ya vita, atafanya nini? Nilisikiliza idhaa zote. Bando la simu lilikuwa linakwisha kabla ya wiki. Alikuwepo kijana mmoja mchambuzi kwenye mtandao anayechora mishale myekundu juu ya ramani, nami nikamwamini kama ndiye jemadari mwenyewe.

Halafu nikavipeleka vita barazani kwa Faki.

Wewe Faki unamjua kwa kahawa yake na kwa utani wake wa kukuita mchumba tangu una miaka mitano. Baraza yake hapa Jadida, mtaani kwetu Wete, ni ndefu, ya saruji, laini, na mimi kipande cha chaki hakijawahi kukosekana mfukoni mwangu hata baada ya kustaafu. Nikachora ziwa. Nikachora milima, barabara, mto wenye daraja, na mji wa Hamad nikautilia duara mbili. Karafuu kavu zikawa jeshi la serikali ya Kongo, makonyo yakawa waasi na ile nchi jirani inayosemwa kuwa iko nyuma yao. Wapo waliosema ni waasi tu, wapo waliosema ni jeshi la jirani limebadilisha nguo. Faki akakata shauri kwamba ni vita vya majirani, na barazani kwetu tukaviita hivyo.

Kila siku baada ya Alasiri nilikuwa nainama na kusogeza. Kijiji kimetekwa, konyo moja mbele. Serikali imekirudisha, karafuu mbili. Watu walikuwa wakitoka hata Konde wakija Wete kwa shughuli zao, na kabla ya kurudi wanapita kutazama. Wakagawanyika kama Simba na Yanga. Anayeshindwa ananunua kahawa. Mama yako aliniona nachota karafuu kwenye mkeka wake akasema, "Mwalimu, hizo mie nimezichuma na mgongo wangu, wewe wazipeleka vitani?" Nikacheka, nikachota nyengine.

Alikuwepo mtu mmoja tu asiyekaa. Mzee Makame, yule mrefu anayeketi kwa fundi cherehani mkabala na Faki. Ujana wake alikuwa askari, na vile vita vya Uganda nilivyokuwa navionyesha kwa kidole yeye alikwenda kwa miguu. Mimi nikichomoa chaki, yeye husimama akavuka njia kurudi kwa fundi. Siku moja tu alibaki, akatazama chini muda mrefu, akaweka ncha ya bakora yake kwenye kijiji kimoja nilichokuwa nimekipa makonyo matatu. Akauliza, "Hawa watu wa hapa, sasa wanakula nini?" Nikamwambia, Mzee Makame, hayo hayamo kwenye taarifa. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa fundi.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Nimesimama kidogo hapa, nimekwenda kunywa maji. Umenipita ukumbini umebeba nguo, umeniuliza, "Baba waandika nini?" nikakwambia nahesabu siku za kukodi mchumaji. Umeona, hata leo bado nakudanganya.

Hamad alikuwa akinipigia kila siku wakati ule ule wa baraza, kwa sababu nilimwomba apige wakati ule. Nilikuwa naiweka simu kwenye sauti kubwa, katikati ya ramani. Faki alikuwa anasema, "Kimya jamani, mwandishi wetu yuko hewani." Hamad naye alipenda, ulikuwa unamjua kwa maneno. Alikuwa akituhadithia bei ya samaki, wanajeshi waliopita, uvumi wa sokoni, halafu anasema, "Nawasalimu wana baraza wote." Watu walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa naona fahari mpaka natafuta pa kuificha. Hakuna baraza nyengine Wete yenye mtu wake kule.

Siku ile alipiga mapema, na hakusalimia baraza. Alisema, "Baba, huku kumeharibika. Tangu alfajiri nasikia mizinga, na leo iko karibu. Mama Furaha na watu wake wanateremka kwenye maboti. Mie nataka kutoka nao."

Barazani palikuwa na watu kama kumi na watano. Na mimi, Raya, dakika kumi tu kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza kuwaeleza watu hao kwa nini makonyo hayawezi kuvuka daraja kabla ya wiki mbili. Nilikuwa nimeeleza kwa ufundi. Mvua, barabara, milima, uchovu wa jeshi. Wote walikuwa wamekubali, hata upande wa makonyo walikuwa wamenuna.

Nikamwambia, "Karibu wapi? Wako ng'ambo ya daraja hao."

Akasema, "Mie nasikia, Baba."

Nikamwambia, "Unasikia mwangwi. Umekaa kwenye bonde, mlima unarudisha sauti. Nilikusomesha mwenyewe hayo, darasa la sita, umesahau?" Na watu wakacheka kidogo. Si kwa ubaya, walicheka kama wanavyocheka baba na mwana wakitaniana.

Kutoka kwa fundi cherehani nikasikia sauti ya Mzee Makame. Hakupaza. Alisema, "Mwalimu, mwambie mtoto atoke."

Mimi nikanyanyua mkono. Unaujua ule mkono, nilikuwa naunyanyua darasani mtu akijibu kabla hajaulizwa. Nikamnyamazisha mzee wa watu hivyo, nami sikugeuka hata kumtazama.

Hamad akauliza, "Kwa hiyo nibaki?" Sauti yake ilikuwa ya kutaka nimwambie hapana, na sasa naisikia vizuri sana. Wakati ule sikuisikia. Nikasema, "Baki. Watu wakikimbia bila ya sababu ndipo wanapoumia. Kesho nipigie." Akasema, "Haya Baba. Inshallah." Nikakata simu, nikainama, nikairudisha karafuu moja mahali pake, kwa sababu goti langu lilikuwa limeipiga.

Kesho yake alipiga, akasema kumetulia kidogo, na mimi nikawaangalia watu kama kusema mmeona. Siku ya tatu hakupiga. Siku ya nne asubuhi nilikuwa uani nageuza karafuu juani. Simu ikalia, nambari ya Hamad. Nikaipokea nikisema, "Enhe, mwandishi." Ilikuwa sauti ya mwanamke. Akaniuliza, "Ni papa ya Hamadi?" Ni yule Mama Furaha, mwuza samaki jirani na duka lake. Alirudi kutafuta vitu vyake akamkuta ameshakufa. Bomu lilikuwa limeanguka kwenye njia ya soko alfajiri ya jana yake. Waislamu wa pale walikuwa wameshamwosha na kumzika, na yeye ndiye aliyewapa shuka. Alilia kwenye simu kama amempoteza wake. Halafu akasema neno hili, na nakuandikia kama alivyolisema: "Tulimuambia twende wote. Akasema papa yake amesema vita iko mbali."

Hakuwa ananilaumu. Alikuwa ananihadithia tu, kama mtu anavyomhadithia mzazi mambo ya mwisho ya mtoto wake. Nilimshukuru. Nikarudi kugeuza karafuu, nikazigeuza zote mpaka mkeka ukaisha, ndipo nikaingia ndani kumwambia mama yako kwamba mwanawe amefariki. Yale mengine sikumwambia.

Siku ya hitima ulikuwepo, umekaa na wanawake ndani, lakini mlango ulikuwa wazi. Mjomba wako akauliza mbele ya watu, kwa nini Hamad hakutoka wakati wenziwe walitoka? Watu watano sita mle ndani walikuwa barazani siku ile, na wote walikuwa wanatazama mkeka. Faki ndiye aliyejibu. Alisema, "Duka, yakhe. Mtu hukaa miaka mitatu akijenga duka, akaliacha vipi?" Watu wakaitikia, ndiyo, mali inamfunga mtu. Alifanya hivyo kunisitiri. Faki ni rafiki wa kweli, na kwa wema wake huo amenisaidia kumzulia mwanangu uongo kaburini.

Tangu siku ile ndivyo nyumba hii inavyoamini. Mama yako akiona kitenge kipya hugeuza uso. Na wewe, wiki mbili baada ya hitima, tukiwa tunakula, ulisema kwa hasira, "Kaka amekufa kwa ajili ya vitenge. Alipenda nguo kuliko roho yake." Unakumbuka mimi nilifanya nini? Nilikwambia, "Kula, wali utapoa." Hamad alikuwa tayari kuviacha vile vitenge vyote na kwenda kupanda boti na wauza samaki. Aliviacha moyoni kabla hajanipigia. Alichoshindwa kukiacha ni neno langu.

Sasa unajua.

Chaki niliifuta mwenyewe siku ya pili ya msiba, kwa ndoo ya maji na fagio. Lakini usidhani niliacha. Hili nalo nikwambie, maana nimechoka kuficha. Naangalia vita kwenye simu chooni. Naangalia shambani nyuma ya mkarafuu. Tangu ulipopata kazi hii naangalia zaidi. Leo hii, Raya, naweza kukwambia nani ameshika kilima gani, na kituo chako kiko umbali gani na bandari ambayo bado iko wazi. Ile siku uliyonikuta na visikilizi chini ya kofia ukadhani nasikiliza mawaidha, nilikuwa namsikiliza yule yule kijana wa mishale. Nimemwona akikosea mara nyingi na bado narudi kwake. Naona kama nisipoangalia usiku mmoja, ndio usiku utakaoharibika. Najua si kweli. Kujua hakunizuii.

Na usije ukaona ni vita vilivyonifanya hivi. Ulipokuwa na miaka sita ulikuja unalia, ukasema sikio linakuuma ndani. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nikakwambia ni maji ya kuogelea, ruka kwa mguu mmoja yatatoka. Uliruka siku mbili uani, maskini, kwa sababu Baba alisema. Mama yako ndiye aliyekupeleka Chake Chake, sikio limeshapasuka. Mpaka leo ukiitwa kutoka kushoto hugeuki, na mimi hukaa upande wako wa kulia bila ya kusema kwa nini. Ni ugonjwa ule ule. Mtu ananiambia kinachomuuma yeye, mimi namweleza kwa nini hakimuumi.

Sikupi mawaidha. Nakuomba mambo mawili tu, na uyachukue kwa mtu anayejua alichokivunja.

La kwanza, usiniulize. Ukiwa kule ukasikia kitu, au ukaona wenzako wanafunga mabegi, au hukusikia chochote ila moyo umekataa kukaa, usinipigie kuniuliza, "Baba, nitoke?" Mimi sijui. Nikijibu nitajibu kama najua, ndivyo nilivyoumbwa, sauti yangu itakuwa ya mwalimu na wewe utaitii. Toka kwanza. Nipigie ukishafika. Hata ikiwa ulikimbia bure, hata ikiwa ilikuwa ni radi, hata ikiwa wamekucheka. Mimi sitacheka, na sitakueleza ilikuwa nini.

Na wakikwambia uvuke, ukaona unaweza kuvuka, vuka. Hilo limeniwia zito kuliko yote kuliandika, mkono umetulia hapa juu ya karatasi mpaka nikasikia mwadhini anajaribu kipaza sauti. Nilipokificha kitambulisho chako nilikuwa nafanya yale yale, najifanya najua kwa niaba yako, nikiwa nimekaa Jadida. Hamad nilimzuia kutoka. Wewe nilitaka kukuzuia kwenda. Ukiyaangalia mbali yanaonekana mambo mawili, lakini nilipokuwa nalifunga lile gunia nilikuwa na uhakika ule ule wa siku ya simu.

Mama Furaha, kama bado yu hai, yumkini amevuka. Watu wengi wa mji ule wako upande wa Kigoma sasa. Ukimkuta, ana umri kama wa mama yako, na Hamad alisema ana mwanya na anacheka kwa sauti. Mwambie papa ya Hamadi anamsalimu. Mwambie ile shuka hatujaisahau. Usimwombee radhi kwa niaba yangu, hilo ni langu, nitatafuta namna.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa fundi cherehani. Mara ya kwanza tangu siku ile. Nilikaa karibu na Mzee Makame, nikamwambia, "Mzee wangu, binti anaondoka." Akauliza anakwenda wapi, nikamwambia. Nikasema, "Siku ile nilikunyamazisha." Akasema, "Ndiyo." Basi. Hakusema haidhuru, hakusema ni kadari ya Mungu, kama wanavyosema wengine wote. Tukakaa mpaka fundi akafunga. Ni siku niliyopumua kidogo, Raya, na sijui kwa nini neno kavu kama lile linipumzishe kuliko faraja zote za hitima.

Ndio nikajua kwamba nakuhitaji na wewe uniambie "ndiyo" kama ile. Usinisamehe haraka. Nikasirikie kwanza, unayo haki, na hasira uliyokuwa nayo kwa kaka yako uirudishe kwa mwenyewe. Mwombee Hamad dua ya mtu aliyetaka kuishi.

La pili ni la mama yako.

Yeye hajui. Nimepanga kumwambia kesho baada ya sala ya Alfajiri, kabla gari ya Mkoani haijafika. Sikutaka nimwambie leo, nikakuharibia usiku wako wa mwisho nyumbani. Nikimwambia, najua hatakubali nikae naye gari moja. Atakuja kukusindikiza peke yake, na atakwambia Baba ana homa, kwa sababu naye anajua kusitiri. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa, ikiwa ulimwona pale gatini peke yake, macho mekundu, akakushika kwa muda mrefu kuliko ulivyotarajia, basi nilimwambia. Mpigie yeye kila siku. Mimi nitangoja.

Lakini ikiwa tulikuja wote wawili, mama yako akawa anacheka na kukukumbusha pweza, na mimi nikasimama kando yake nakupungia mkono mpaka boti ikageuka, basi ujue niliogopa tena. Usinipe siku nyengine. Mpigie mama yako umwambie wewe, sasa hivi, kabla mtandao haujakatika.

Baba yako